Mjadala: Kijana akielemewa hapa Kigoma, mlango wake uwe hospitali au mtaani?

Mleta mada (Katubuka):

Wana Kigoma wenzangu, habari za leo. Hoja hii ya afya ya akili ya vijana wetu nimekaa nayo tangu mwaka jana, leo naiweka mezani tuijadili bila kuoneana haya.

Mdogo wangu ana miaka 19. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka alipata ziro. Akaacha kula na watu. Mchana analala, usiku anakaa kwenye ngazi za nyuma na simu iliyozima chaji mkononi. Mama alisema ni uvivu. Shangazi akasema kuna mtu kamtupia kitu. Mimi nikampeleka kituo kimoja cha afya humu mkoani, jina naliacha. Tulikaa benchi moja na kina mama wa kliniki na wagonjwa wa malaria. Zamu yetu ilipofika, mtu wa mapokezi aliinua kichwa dirishani akauliza kwa sauti, "Huyu ndiye wa akili?" Benchi zima likageuka. Mmoja wa waliogeuka anauza mawese nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mdogo wangu aliinuka, akatoka, na mpaka leo hajakubali kurudi.

Msimamo wangu basi ni huu. Wataalamu ni wachache kweli, lakini kinachotumaliza zaidi ni mlango wenyewe. Kijana wa hapa hawezi kuingia chumba cha magonjwa ya akili mchana kweupe, mbele ya mtu atakayekutana naye jioni sokoni Mwanga. Hata tukiletewa madaktari bingwa watano pale Maweni, hospitali yetu ya mkoa, siri isiposhughulikiwa watakaa wakisubiri wagonjwa. Mazungumzo ya kwanza yafanyike mtaani, mwaloni wanakotua wavuvi, shuleni, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, hata kama si daktari. Hospitali ibaki kwa wale ambao mazungumzo hayawatoshi.

Hili limeshafanyika Afrika hii hii. Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda. Mgonjwa wake mmoja, binti, alijiua baada ya kukosa nauli ya basi ya kurudi hospitali. Mwaka 2006 Chibanda akaanza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Bibi anakaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kijana anakaa pembeni yake, wanalichambua tatizo moja baada ya jingine. Hawatumii majina ya kitabibu. Wanaita "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, sawa na sisi tunavyosema fulani ana mawazo. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na mabibi, waliobaki na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, walikuwa asilimia 14, na kati ya waliopata huduma ya kawaida asilimia 50. Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14 na nusu kabla ya miaka 18, na kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Hao ni watoto wetu wa sekondari na vijana wa vijiweni. Karibuni, na anayepinga apinge.

Muuguzi:

Kaka, pole sana kwa yaliyompata mdogo wako. Aliyeita vile alikosea, na sina la kumtetea. Lakini hoja yako ina hatari ambayo naona umeipita haraka.

Nina miaka 11 kazini. Nimewahi kumpokea kijana wa miaka 21 ameletwa na baiskeli, mikono ina alama za kamba. Miezi saba alizungushwa, kwa mganga, kwenye maombi, kwa mganga mwingine. Alikuwa anasikia sauti za watu wanaomjadili. Tulimwanzishia dawa, na wiki ya tatu akaniuliza kama ligi imeshaisha. Mtu wako wa benchi angemfanyia nini kijana yule? Angemsikiliza kwa upole na mwezi wa nane ungeingia. Ugonjwa ule ukicheleweshwa bila dawa, kupona kunazidi kuwa kugumu. Hata kifafa bado watu wanakiita mapepo.

Na siri unayoililia, mtaani ndiko inakovujia. Mimi naweza kufukuzwa kazi kwa kutoa habari za mgonjwa. Bibi wa mtaa atafukuzwa na nani? Turekebishe mlango wa hospitali, mapokezi yafundishwe, kliniki ya vijana iwe na siku yake. Tusianzishe huduma ya pili ya bei rahisi ili serikali ipate sababu ya kutoajiri.

Mvuvi, Kibirizi:

Mimi sijui mambo ya utafiti. Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue, tarehe 15 Mei 2024 hadi 15 Agosti, miezi mitatu, hapa mwaloni vijana walibaki na madeni ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na simu za kubeti. Mwenye boti ana mashamba, sisi tuna mikono tu. Mwenzangu tuliyekuwa tunalala boti moja alinyamaza kama wiki mbili. Tulidhani anawaza hela, na kweli alikuwa anawaza hela. Hospitali hakwenda kwa sababu alikuwa haumwi. Ungemwambia yeye ni mgonjwa mngegombana.

Mleta mada:

Dada Muuguzi, nakushukuru, na kwa yule kijana wa kamba nakubali moja kwa moja. Yule ni wa dawa tangu siku ya kwanza. Lakini soma alichosema kaka wa Kibirizi hapo juu. Rafiki yake asingefika kwako kamwe, hata mapokezi yangekuwa na malaika. Hajioni mgonjwa. Na hao ndio wengi.

Kule Harare bibi haanzi na hekima zake. Anaanza na maswali 14 yaliyopangwa, na majibu yakionyesha hatari, kwa mfano mtu anafikiria kujiua, anapelekwa kwa mtaalamu. Kwa hiyo benchi ndilo lingekuletea wagonjwa mapema, kabla ya miezi saba.

Kuhusu siri, hapo umenibana. Nimefikiria hivi: msikilizaji asihudumie mtaa anaoishi. Wa Gungu aende Bangwe, wa Bangwe aje Gungu. Nauli ya bodaboda ni ndogo kuliko aibu.

Mwalimu wa sekondari:

Mmetaja shule, acha niseme ninachokijua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha wa shule yetu. Mimi pia ndiye mwalimu wa nidhamu. Jumatatu asubuhi nashika fimbo paredi, Jumatatu mchana nafungua mlango nawaambia njooni mnieleze yanayowasumbua. Ofisi ni ile ile, kiti ni kile kile.

Muhula uliopita walikuja wanne. Watatu walitaka ruhusa ya kwenda nyumbani. Wa nne alikuwa binti aliyerudi shule baada ya kujifungua, maana tangu Novemba 2021, Profesa Ndalichako wa hapo Kasulu alipotangaza akiwa Waziri wa Elimu, mabinti hawa wanaruhusiwa kurudi. Wanarudi kweli, ila wakifika hakuna anayewauliza wanaendeleaje. Alikaa kama dakika kumi akikunja na kukunjua kona ya daftari. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hili utaliandika kwenye kitabu?" Alikuwa anaangalia kitabu cha makosa, kilikuwa wazi mezani kwangu. Nilikifunga, lakini alishanyamaza. Alisema kichwa kinamuuma, nikampa ruhusa.

Kwa hiyo mtu akiniambia huduma ipo shuleni, namjibu haipo. Lipo jina. Naomba mtu mwingine, asiye na fimbo, aje hata mara moja kwa wiki, akae maktaba ambako mwanafunzi akionekana anaingia hakuna anayeshangaa.

Mama, Kasulu:

Nimesoma yote nikaona mnabishana mlango uwe wapi. Mimi nawauliza nyuma ya mlango kasimama nani.

Binti yangu alijaribu kujitoa uhai, akiwa na miaka 17. Tulimkimbiza hospitali usiku, na njia nzima nilikuwa napanga uongo wa kusema. Kwa nini? Kwa sababu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Niliogopa tutaambiwa twende kwanza polisi tukachukue fomu yao ya matibabu, PF3, niliogopa mwanangu akizinduka atahojiwa kama mhalifu. Nikasema ni bahati mbaya. Ikaandikwa bahati mbaya. Wakautibu mwili, wakautibu vizuri, Mungu awalipe. Siku ya tatu tukaruhusiwa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, kwa sababu mimi mama yake nilikuwa nimeshaifunga hiyo habari kwa mdomo wangu.

Alikaa miezi miwili bila msaada wowote, kwa uongo wangu. Nilikuwa nalala mlangoni kwake.

Ghana walikiondoa kifungu cha namna hii mwaka 2023. Kenya, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba cha kwao kinakwenda kinyume na Katiba. Sisi tuna Sheria ya Afya ya Akili tangu 2008, na bado hiki cha kumfanya mgonjwa mshtakiwa kipo pale pale. Kifutwe kwanza. La sivyo bibi wa benchi akisikia kijana kajaribu kujiua, atanyamaza au ataripoti? Nijibuni.

Muuguzi:

Mama yangu, shikamoo. Nimesoma nikakaa kimya kidogo.

Uliyofanya wewe wanafanya wazazi wengi, na sisi wodini huwa tunahisi. Faili likisema "bahati mbaya", hakuna njia ya kumwita mnasihi. Kwenye kifungu hiki niko upande wako, wala hili halina benchi wala hospitali.

Kwa mzazi anayesoma hapa usiku akiwa na hofu kama ile: mlete mtoto, na umwambie mhudumu ukweli pembeni. Kazi yake ya kwanza ni kuokoa maisha. Ondoa mbele yake vitu vinavyoweza kumdhuru na usimwache peke yake. Kuna namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, kupiga ni bure. Ila jina lake linasema mtoto, na kijana wa miaka 22 akilisikia anaona si yake. Hilo ni pengo la kweli, kaka Mleta mada, na nakupa hoja hiyo mkononi.

Mzee wa Ujiji:

Wanangu, asalaam alaykum. Mmesahau mlango mmoja. Kijana akiingia msikitini au kanisani, nani atamuuliza umefuata nini? Hapo pana siri ambayo hospitali haiwezi kuinunua.

Lakini nitasema na la kunihukumu. Miaka iliyopita alinijia kijana baada ya sala ya alasiri, akasema moyo wake umekuwa mzito, haoni maana ya kesho. Nikamwambia azidishe ibada. Alikuwa anazidisha kuliko mimi. Alirudi mara ya pili, nikamjibu lile lile. Mara ya tatu hakuja, akahama mji. Sijui yuko wapi, na kila nikikaa pale nguzoni namkumbuka. Nilihitaji mtu wa kunifundisha maswali yale 14. Tufundisheni na sisi, mashehe na wachungaji, kujua wapi dua iende pamoja na dawa.

Mleta mada:

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa kusema wazi.

Mama wa Kasulu, nakubali nilianza hoja katikati. Kifungu cha 217 kiondoke, na wabunge wetu wa mkoa huu tuwaulize kwa majina watakapokuja kuomba kura. Wakati kinasubiriwa, msikilizaji afundishwe kumpeleka kijana kwa mtaalamu, siyo kituoni polisi.

Kuhusu fedha na ajira, dada Muuguzi, serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji na kila mtaa. Hawa wanalipwa, wana mtu juu yao, na wakivujisha siri wana cha kupoteza. Ninachoomba Kigoma ni kitu kidogo: mafunzo yao yawe na wiki mbili za kusikiliza vijana, wabadilishane mitaa, na wewe au mwenzako awasimamie kila mwezi. Hapo ninarudi nyuma kidogo kwenye kauli yangu ya mwanzo. Benchi bila muuguzi nyuma yake silitaki tena.

Mdogo wangu ameanza kutoka. Jumapili alinisaidia kupakia mkaa, hakuongea, ila alibaki mpaka tukamaliza.

Mvuvi, Kibirizi:

Huyo mtu mkimpata, hapa mwaloni asije jioni. Jioni tunajaza taa na kupanga nyavu, hakuna atakayemsikiliza. Asubuhi tukirudi tuna usingizi na dagaa wa kuanika. Aje siku za mwezi mkubwa. Usiku ukiwa na mwanga dagaa hawafuati taa, hatutoki ziwani, tunakaa tu tunashona nyavu, siku tano, siku sita. Mtu akishona anaongea.