Nyumba ya mbao Ndosho, chagua (mitumba) na kazi ya mikono: nianzie wapi?

Mama_Ndosho

Jambo kwenu wote, wa Goma na wa ng'ambo ya ziwa pia. Naomba mawazo yenu juu nimezungusha kichwa wiki nzima. Tumehamia mu nyumba ya mbao huku Ndosho, mtaa wa Goma, vyumba viwili na salo, ya kupanga. Mbao ni karatusi ile bado inakauka, usiku unalala unaisikia inalia ta, ta, asubuhi unakuta mwanya mupya unaingiza jua. Mchana hakuna shida, lakini mvua ikisha kupita jioni, baridi inaingia mpaka mu mifupa. Chini ni simenti nyembamba juu ya mawe ya volkano, na mutoto wangu wa miaka ine anacheza palepale na soksi mbili ku kila mguu. Nilianza kubandika katoni ku ukuta, mvua mbili tu imevimba, inanuka.

Sasa jumamosi nilipita soko Virunga nikakuta wanafungua balo ya rido na dra, yaani mapazia na mashuka, wamama wanavutana, mimi nikatoka na kitu kimoja tu: nape (kitambaa) ya meza ya zamani, nyeupe, imeshonwa na mukono maua ya bluu ku kona zote ine. Ukiigeuza unaona mafundo madogo madogo nyuma, mutu alikaa chini akashona ile kitu siku mingi sana. Katikati iko doa ya chai kubwa kama sahani. Nililipa franga 3000. Nikaipiga pasi nikaitandika juu ya kesi (sanduku la mbao) ya kuwekea vyombo, na chumba kikabadilika kweli, nilikaa tu nikaangalia.

Tangu siku ile nataka nyumba yote iwe hivyo, vitu vya chagua na vile ninashona mwenyewe, niko na mashini ya mama ya kukanyaga. Bajeti ni dola 40, zaidi ya pale siwezi. Nifanye nini na ukuta? Ku soko nitafute nini? Ile doa inatoka ao nizoee? Na kunguni, nasikia wanakujaka na chagua.

Muuza_Balo

Karibu mama. Mimi nauzisha rido na dra, ni miaka tisa sasa, nitakuambia vile sisi wenye tunakaa nyuma ya balo tunaona. Wateja wengi wanatafuta nguo. Wewe tafuta kitambaa. Kuna marobe makubwa marefu kutoka Ulaya, hapa hakuna mwenye anayavaa, yanalala mu mabaki mpaka jioni, na ni pamba safi, moja tu inakutolea mito miwili. Chemise ya mwanaume yenye kola imekwisha, angalia mugongo, haujaguswa hata kidogo. Tishoti zenye maandishi ya kampuni, nani anazitaka, lakini ni pamba na inavutika vizuri. Hivi vyote ni vitu tunauzisha kwa lundo, si kwa kimoja kimoja, wewe uliza tu "mabaki ya leo ni ngapi" na utashangaa.

Balo ya kilo 45 tunaifungua asubuhi mapema. Wenye kuja saa mbili wanakuta vizuri vimeenda. Na usisahau kama Rwanda ilipandisha ushuru wa chagua mwaka wa 2016, kutoka senti 20 za dola mpaka dola mbili na nusu kwa kilo, tangu pale wateja wa Gisenyi wengi walizoea kuvuka kuchagua huku, na wao wanaamka mapema kabisa. Lakini wanatafuta nguo za kuvaa. Mabaki hawayagusi, kwa hiyo wewe hata ukifika saa kumi bado uko na bahati.

Namna ya kupima dra: ishike mbele ya jua, fasi jua linapita kama mu chujio ni fasi mwili ulikuwa unalala, pale itapasuka mwezi ujao. Halafu vuta na vidole gumba viwili, ukisikia sauti ya karatasi, iache. Rido nzito usiogope rangi, ogopa harufu ya ukungu, ile haitoki hata ukifua mara tatu, nilijaribu.

Doa ya chai: kama ni pamba ao kitani, loweka usiku mu maji ya baridi, asubuhi kamulia ndimu na chumvi, anika ku jua kali ikiwa bado na maji. Rudia siku tatu ine. Ya zamani sana itabaki kivuli kidogo. Usitie Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, ku maua, ile bluu itaenda.

Fundi_Keshero

Mama, mimi ni menuizie, fundi wa mbao, nimesimamisha nyumba za mbao nyingi huku, acha nikuambie ya ukuta.

Ile mbao yako ilipigwa misumari ikiwa mbichi. Mbao ya mukaratusi mubichi ni shida ile ile kila fasi, unakauka na kusinyaa, kila mbao inajivuta kwake, na mwanya unakaa katikati. Ngoja wamalize kulia, kama kiangazi kimoja, juni mpaka agosti, kabla hujafanya kitu cha kudumu. Kwa sasa, tafuta fundi akukatie fito, vipande vyembamba vya upana wa vidole vitatu, upigilie juu ya mwanya KWA UPANDE MUMOJA TU wa musumari, yaani ku mbao moja, ile nyingine iachwe huru iendelee kujivuta. Ukipigilia pande zote mbili fito itapasuka. Ufanye kwa inje, maji yasiingie. Mabaki ya fito ku menuizie unaweza kuyapata karibu bure, sisi tunayachomaka.

Katoni toa leo. Kunguni na mende wanapenda kujificha mu katoni, ile mwanya ya mbao njo nyumba yao na katoni ni mulango wamefunguliwa.

Ndani tumia kitambaa, lakini usikibandike na kole (gundi). Piga fito moja juu karibu na plafo (dari) na moja chini, tia misumari midogo kila mukono moja, halafu shona dra zako na vitanzi unavitundika. Siku ya kufua unatundua. Siku ya kuhama unakunja. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kitambaa na mbao, hewa ipite.

Jambo la mwisho na hili nalisema na moyo wote. Usizibe nyumba yote. Juu karibu na mabati acha wazi. Nimeona watu wanaziba kila kitu halafu wanaingiza mbabula (jiko) ya makara ndani juu ya baridi, wanalala, na asubuhi ni kilio. Na kama unamutembelea mama yako ao ndugu anakaa Bulengo ao Mugunga ao hata huku kwetu Keshero, uulize majirani kama parsele (kiwanja) iko na mazuku. Ile hewa ya volkano ni nzito, inakaa chini mu mashimo, mutoto mwenye kucheza chini njo wa kwanza kuivuta. Ukiona ndege ao panya amekufa mu shimo bila kidonda, fasi ile si ya kukaa.

Dada_Kadutu

Samahani naandika kutoka Bukavu lakini hii kitu inanigusa. Mimi siko pamoja na fundi juu ya vitambaa ku ukuta mzima. Huku Kadutu nyumba za mbao zimekaa zimeshikana, moto ukianzia kwa jirani dakika kumi avenue yote imeenda. Tuliungua. Ilianzia ku waya ya umeme ya kuunganisha-unganisha, ikashika rido, rido ikashika plafo ya triplex. Tulitoka na batoto na kile tulivaa.

Sikatazi uzuri, dada, hata mimi nashona. Lakini nakuomba, fasi ya kupikia na fasi waya inapita, usitundike hata kitambaa kimoja. Na uangalie aina: pamba inaungua, ndiyo, lakini ile ya nailoni na poliesta inayeyuka inakuangukia ku ngozi. Chukua uzi moja wa pembeni uuchome inje na kiberiti. Ikiwa jivu laini na harufu ya karatasi, ni pamba. Ikiwa inajikunja tonge nyeusi ngumu, ile ifanye mufuko wa soko, usiilaze mutoto karibu nayo. Na bugi (mshumaa) pia, usiweke juu ya ile kesi yenye nape.

Fundi_Keshero

Dada Kadutu, pole sana sana. Na uko na haki. Mama Ndosho, ukuta wa kulalia tu basi, ule mutoto anaegemea. Ukuta wa mbabula acha mbao wazi, ao pigilia bati la zamani nyuma yake, hata lile lenye kutu. Mabati ya kutu huku hayakosekani, mvua ya volkano inayakula.

Yaya_Himbi

Wadogo zangu nimesoma yote. Mimi niongeze ya chini, juu mama alisema mutoto anacheza ku simenti ya baridi na hakuna aliyemujibu.

Chukua zile tishoti za mabaki. Laza moja ku meza, kata chini pindo utupe, halafu anza kukata utepe wa upana wa vidole viwili, ukizunguka, ukizunguka, bila kukata mwisho, mpaka ufike ku kwapa. Tishoti moja inakupa utepe moja murefu. Sasa uvute kwa nguvu, utaona unajikunja wenyewe unakuwa kama kamba ya mviringo. Tatu ya rangi tofauti, suka kama nywele. Ukifika mwisho wa utepe usifunge fundo, toboa tundu ku mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine upitishe, fundo litamuumiza mutoto akikaa.

Ukisha kuwa na kisuko kirefu, anza kukizungusha ku meza kama konokono, unashona ubavu kwa ubavu. KU MEZA, si ku magoti. Ile yangu ya kwanza niliishonea ku magoti nikiongea na watu, nilivuta uzi sana, ikainuka pembeni ikawa kikapu. Nikaiacha hivyo, mpaka leo inabeba vitunguu. Ya pili ilikaa sawa. Tishoti 12 zilinipa zulia ya kukaliwa na batoto wawili. Chini yake weka mufuko wa unga wa nailoni uliofuliwa, unyevu wa simenti usipande.

Kunguni: kila kitu cha chagua, kabla hakijavuka mulango, kinaingia mu beseni ya maji ya moto ya kuchemka, ile inakubali moto. Ile haikubali, pasi ya moto ku mishono, polepole, ndani ya mishono njo mayai inakaa. Mito yenye imejaa tayari usinunue kamwe. Nunua ganda, ujaze mwenyewe na vitambaa kuukuu vimekatwa vidogo vidogo.

Na ile fundi alisema ya kukunja, mimi naiunga mukono juu ya sababu ingine. Mwaka wa 2021, volkano ilitoka usiku wa tarehe 22 mei, halafu tarehe 27 asubuhi wakatuambia kata kumi zitoke mu mji. Tulitembea na miguu njia ya Sake, watu, mbuzi, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimebeba magodoro. Kabati yangu ya vioo niliiacha. Viti vya salo vyenye nilinunua kwa miaka miwili niliviacha. Nilibeba batoto, sufuria, na blanketi nilishona na vipande vya vikwembe, kila kipande najua kilitoka wapi, kimoja ni cha arusi ya mama. Mu darasa ya shule kule tulilala sita chini yake. Tuliporudi nyumba ilikuwa imepasuka ukuta juu ya matetemeko, nikaweka ile blanketi ku kitanda na watoto wakasema tumefika.

Kwa hiyo dola 40 yako usiinunulie kiti. Nunua uzi mzuri, sindano za mashini, na mabaki. Kiti, fundi atakupa kesi mbili.

Mama_Ndosho

Aksanti, aksanti yenu wote. Dada Kadutu nimesoma yako mara mbili, nimeshatoa rido ile ilikuwa karibu na swichi.

Ripoti: siku ine za ndimu na jua. Doa imebaki rangi ya maziwa tu, ukijua ipo unaiona, asiyejua haioni. Nilitaka kuifunika na ua la kikwembe lakini nimeiacha, mwenye kushona alikunywa chai yake pale. Katoni nimechoma yote, Fundi alisema kweli, nyuma yake kulikuwa mende wa kutosha. Kitambaa ku ukuta wa kulalia kimeshaanza, dra tatu za pamba, nimezipima na kiberiti inje, mutoto akiangalia akafikiri tunafanya sikukuu.

Zulia niko ku tishoti ya tano. Yaya, ubavu kwa ubavu unashona na uzi gani? Uzi wa mashini unakatika kila nikivuta.

Yaya_Himbi

Uache ule wa mashini. Nenda kwa washona viatu Birere, omba ule uzi wao mweusi wa nailoni, na sindano yao ile kubwa. Pitisha uzi mara mbili ku nta ya mshumaa kabla ya kushona. Na ku meza, mama.