Nataka kuanzisha kikundi cha watoto wanaoishi na wazazi walevi hapa Moshi, nianzie wapi bila kuwaaibisha?

binti_pasua:
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo na msinitukane jamani. Nina miaka 19, nimemaliza form six nipo home Pasua nasubiri matokeo. Kuna watoto hapa mtaani wazazi wao wanakunywa mpaka jiko haliwashwi, wengine baba wengine maza ndo mnywaji, na kuna mmoja kaka yake ni teja ameshauza mpaka sufuria. Walianza kuja kwetu jioni kufanya homework kwasababu kwetu kuna umeme na hakuna kelele, walikuwa wawili tu sasa hivi baraza haitoshi. Nikaona si niifanye tu iwe kikundi, halafu nisimame niwasemee kwenye mikutano ya mtaa maana kila siku tunajadili mlevi afanywe nini, mtoto wake hamna anayemtaja.

Sasa kuna mtu wa kamati anataka watatu kati yao wapande jukwaani tarehe 16 Juni Siku ya Mtoto wa Afrika watoe ushuhuda, anasema watu wakilia ndo watachangia. Watoto wenyewe wamekubali ila mtoto wa miaka 10 atamkatalia nani? Roho inasita. Na mama anasema naingilia nyumba za watu. Nifanyeje?

Meku wa Mwika:
Manka, subiri matokeo yako mama. Mbege, pombe yetu ya ndizi, sisi tumekuta, mahari mbege, tambiko mbege, msiba mbege, leo uje uwaambie watoto baba zao ni wagonjwa? Utavunja heshima nyumbani kwa watu halafu uondoke zako chuo utuachie moto.

chalii_ngarenaro:
Meku kwa heshima zote, hakuna aliyesema mila ife. Kata moja ya mbege kwenye ngoma sio sawa na mzee anayekunywa gongo toka saa mbili asubuhi na ada ya mtoto imeishia hukohuko. Viroba, zile pombe kali za pakiti, serikali ilipiga marufuku Machi 2017 tukashangilia, watu wakahamia chupa ndogo za plastiki maisha yakaendelea, kwahiyo kinywaji kitakuwepo tu, ishu ni huyu dogo analala wapi leo.

Sista usiwapandishe jukwaani. Mimi walinipandisha nikiwa la tano, kanisani, watu wakalia kweli wakanipa na daftari. Nimefika nyumbani mzee ameshaambiwa. Siongezi hapo. Shuleni nikawa naitwa jina la kinywaji mpaka namaliza la saba. Waliolia hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza nimekula. Ongea wewe, una miaka 19 na mdomo unao.

ustawi_arusha:
Mdogo wangu hongera. Nafanya kazi za ustawi wa jamii huku Arusha, nitaandika kirefu kidogo vumilia.

Mama yako mwambie huingilii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa apeleke taarifa serikali za mitaa, kwahiyo nenda kwa mtendaji umwambie kinachofanyika barazani kwenu kabla hajaambiwa na mtu mwingine kwa ubaya, umuombe akukutanishe na afisa ustawi wa kata na kamati ya ulinzi wa mwanamke na mtoto. Mtoto akipigwa au kuguswa vibaya usianze kumhoji hoji wewe, peleka Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116 ambayo ni bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Tena usikae na watoto peke yako, awepo mtu mzima mwingine, na mzazi ajue mtoto yuko wapi hata kama mzazi mwenyewe kalewa.

Barazani msiongelee pombe kila siku, watachoka. Homework, uji, mpira. Ila waambie bila kuzunguka kwamba hawajamfanya mzazi anywe na hawana uwezo wa kumuachisha, maana wengi wanaamini wangefaulu au wasingepiga kelele baba angeacha. Wengine wanamwaga gongo au kuficha hela, wanaambulia kipigo. Halafu mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege hata kufa, huyo ni wa hospitali, Mawenzi hapo mnayo, sio wa kufungiwa ndani na wanawe wamlinde.

Na sio wewe wa kwanza. Alateen, vikundi vya vijana wenye ndugu walevi, vilianza 1957 kule California na aliyeanzisha alikuwa kijana tu mwenye mzazi wa hivyohivyo. Kule kinachosemwa kikaoni hakitoki nje. Hiyo ichukue kama ilivyo.

mama_kiboriloni:
Mimi napika mbege, mtanisema semeni, imesomesha wanangu wote. Naona mengi kilabuni ambayo nyie hamuoni. Mtoto anatumwa usiku kumfuata baba yake, anakaa kwenye benchi mpaka anasinzia, na walevi wengine mikono haina adabu. Mimi mtoto akija simuuzii na simuachi akae, namtuma kijana wangu amrudishe. Binti njoo uongee na sisi wapikaji kabla ya huo mkutano wenu, usije kututukana kwenye kipaza sauti, tukikubaliana mtoto haingii kilabuni itashika kuliko bango. Na sisi ndo tunajua nani kalipwa leo na atapitia wapi.

Meku wa Mwika:
Hilo la mama naliunga mkono. La watoto kukaa kilabuni hata enzi zetu halikuwepo.

binti_pasua:
Asanteni sana, nimesoma zote na mama nimemsomea. Amekubali atakuwa anakaa barazani na sisi, anasema anakaa kwa ajili ya uji, sawa tu. Jukwaani nitapanda mwenyewe na sitamtaja mtu wala mtaa, yule wa kamati nimeshamjibu, amenuna. Jumatatu naenda kwa mtendaji, mama Kiboriloni nakufuata pm. Ila jamani mwenye vitabu vya msingi anavyotaka kutoa, hisabati hasa, la nne mpaka la sita.

chalii_ngarenaro:
Ninavyo ila ni vya mtaala wa zamani.

mama_kiboriloni:
Saba mara nane imebadilika? Leta. Panda gari la Moshi uviache kwa binti yangu Mbuyuni, anauza nyanya.

chalii_ngarenaro:
Poa mama, Jumamosi.