Figo ya fereti imejaa mkojo: kuitoa, kuivuta maji au kumwacha?

Baridi_ya_Minnesota: Wadau, habari. Kwa wasiomjua fereti: mrefu, mwembamba, ukoo mmoja na kicheche, na huku Marekani anafugwa ndani kama paka. Wangu ni jike wa miaka 4, Chiku. Juzi namwogesha nikagusa donge ubavuni. Ultrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto imevimba kama puto, mkojo haushuki. Ya kulia inaonekana nzima. Dokta kanipa njia tatu: kuitoa figo, kuyavuta maji kwa sindano, au kumwangalia tu. Bili ya upasuaji ni mara sita ya bei niliyomnunulia. Nyie mngefanyaje?

Shangazi_Leeds: Pole mwanangu. Hakikisha kwanza si vifuko vya maji. Fereti wakizeeka vifuko kwenye figo ni vya kawaida. Dume langu alikuwa navyo vitatu, havikuguswa, na alikufa kwa jambo jingine kabisa. Picha isikutie hofu ukakimbilia kisu.

Baridi_ya_Minnesota: Si vifuko, shangazi. Mrija unaotoka kwenye figo umeziba. Dokta anashuku ulifungwa uzi kimakosa alipohasiwa. Wengi huku huhasiwa wangali wachanga, kabla ya kufika dukani.

Sindano_na_Uzi: Nasomea udaktari wa mifugo. Kuvuta maji kuondoe kwenye hesabu: mrija ukiwa bado umeziba figo itajaa tena, na kila sindano inaweza kuingiza vijidudu. Imebaki kutoa au kuacha, na jibu liko kwenye figo ya kulia. Moja nzima inamtosha, ila picha peke yake haitoshi, pima damu na mkojo. Tazameni yurea, taka ya damu ambayo figo huichuja. Kreatinini, taka nyingine ya aina hiyo, kwa fereti haipandi sana hata figo zikiwa taabani, kwa hiyo aliyezoea vipimo vya paka hudanganyika. Pima na sukari! Uvimbe wa kongosho unaoshusha sukari umewajaa hawa wanyama, na nusu kaputi juu ya sukari ya chini ni balaa. Ndiyo maana hawalazwi njaa usiku kucha kabla ya upasuaji. Saa 3 au 4 zinatosha.

Paka_wa_Kibokoni: Mie fereti nimemwona kwenye simu tu 😂 Paka wangu zilichoka figo zote mbili, hapo hakuna cha kupasua. Dripu chini ya ngozi, nyumbani, siku moja naweka siku moja napumzika, miezi minane. Wewe shukuru ni upande mmoja.

Shangazi_Leeds: Haya, kwa maelezo hayo nami nasema itolewe. Lakini uliza dawa ya maumivu atakayopewa. Meloksikamu na wenzake huzitesa figo, naye atabaki na moja.

Baridi_ya_Minnesota: Majibu yametoka. Yurea iko sawa, sukari imeshuka kidogo. Dokta kaahirisha upasuaji, Jumatatu tunapima sukari tena. Kwa sasa namlisha kila baada ya saa chache, na leo kaniibia soksi mbili.