Koki imekauka mwezi wa tano sasa, na hela ya ndoo tulilipa. Tumuulize nani?

Wakuu, nivumilieni, nina hasira.

Kijijini kwetu, mkoani Singida, kilula (kituo cha kuchotea maji) kilicho karibu na nyumba yangu hakitoi maji tangu pampu iungue. Koki wameifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na mpira wenyewe umeanza kupasuka kwa jua. Binti yangu yuko darasa la sita. Saa kumi alfajiri yuko korongoni anafukua mchanga kwa bakuli, anasubiri maji yajikusanye, anachota kikombe kimoja kimoja mpaka dumu lijae. Shuleni anafika saa mbili, wenzake wameshaanza.

Pampu ilipokuwa nzima tulilipa shilingi 50 kila ndoo, na hakuna aliyekopeshwa. Tuliambiwa hela hiyo ndiyo ya matengenezo. Iko wapi? Mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi ni miaka miwili iliyopita. Mhasibu wa jumuiya ya maji anasema mfuko hauna kitu, na hatoi hata karatasi moja.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. "Maji siku hizi hayapo chini yangu." Diwani naye: "Hayapo chini ya halmashauri." Na hawajadanganya! Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 iliyaondoa maji ya vijijini kwenye halmashauri, ikaunda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na uendeshaji wa kila siku ukabaki kwa vyombo vya jamii, ndizo hizi jumuiya za maji. Zamani mhandisi wa maji alikuwa mtu wa halmashauri, diwani anambana kwenye baraza mbele ya watu. Leo jumuiya yetu imeunganisha vijiji vitatu, ofisi iko mbali, na tuliyemchagua anatuambia hawezi kudai hata daftari.

Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mtu apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400. Korongo letu ni saa nzima, kwenda tu!

Sisemi halmashauri walikuwa malaika. Hata enzi zao pampu zilikufa. Lakini huwezi kumtoza maskini ndoo kwa ndoo halafu asiwe na pa kuulizia.

Aliyeko kijiji ambacho jumuiya ilibanwa ikafungua vitabu, aniambie walianzia wapi. Jumamosi tunakwenda ofisini kwao, na akina mama wamesema wanabeba madumu matupu.