"Decimate": kuua mmoja kwa kumi, au kufyeka?

Mhariri wa Usiku:
Wakuu, naomba msaada. Nahariri tafsiri ya makala kuhusu kuvu wanaoua vyura duniani. Kiingereza kinasema kuvu hao "decimated" vyura, na mfasiri kaandika "wamewaangamiza". Mwenzangu anapinga, anasema neno hilo maana yake ni kuua mmoja kati ya kumi, basi. Nani yuko sahihi?

Kamusi Mkononi:
Mwenzako ana hoja. Asili yake ni Kilatini, "decimus", wa kumi. Kikosi cha jeshi la Roma kikikimbia vita, askari walipigishwa kura, na katika kila kumi mmoja aliuawa na wenzake kwa marungu. Jemadari wa Kirumi, Crassus, aliirudisha adhabu hiyo mwaka 71 KK, wakati wa vita dhidi ya Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi.

Bi Tafsiri:
Historia hiyo ni ya kweli, lakini haiamui maana ya leo. Tangu karne ya 17 Waingereza wanalitumia neno hili kwa maana ya kuua au kuharibu sehemu kubwa ya kundi. Husemwa hivyo kuhusu tauni ya 1347 hadi 1351, nayo iliondoa angalau theluthi ya watu wa Ulaya. Ukiandika "mmoja kati ya kumi" hapo, umempotosha msomaji.

Ila "kuangamiza" nako siko. Anayeangamizwa hasalii. "Decimate" huacha mabaki, na mabaki hayo ndiyo roho ya neno. Mimi huandika "kufyeka", maana aliyefyeka kichaka huacha visiki, au "kupukutisha" ikiwa vifo vilikuja kidogo kidogo. Kwa vyura wako tofauti hii ni kubwa mno: utafiti wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kuvu hao wamepunguza zaidi ya spishi 500, na 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimetoweka kabisa. Hizo 90 ndizo zilizoangamia. Zilizobaki zimefyekwa, bado zinaweza kuokolewa! Tafadhali usiwazike vyura walio hai kwa kitenzi kimoja.

Mhariri wa Usiku:
Ahsante sana, dada. Na kwa jengo moja lililobomoka, neno "decimate" linafaa?

Bi Tafsiri:
Hapana. Linataka kitu chenye wingi ndani yake: watu, misitu, samaki wa ziwa, wafanyakazi wa kiwanda. Jengo moja ni "demolish" likibomolewa makusudi, "destroy" kwa uharibifu wowote. Ukikuta "completely decimated", mwandishi karibu kila mara alitaka kusema "annihilated", yaani kuangamizwa kabisa. Muulize kabla hujatafsiri.

Kamusi Mkononi:
Nakubali kuhusu matumizi ya leo. Lakini "decimated by 50%" bado nitaikata kila nikiiona.

Bi Tafsiri:
Ikate tu, ndugu yangu. Penye asilimia kamili, "kupungua kwa nusu" inatosha.