Aliyerudisha kilo alipe faini? Mimi nasema hapana

Wadau, naomba hili tulijadili waziwazi. Kikundi chetu cha mazoezi ya Jumamosi hapa Dodoma kina shindano la kupunguza uzito la siku 90: kila mmoja anatoa kiingilio, na aliyepungua kuliko wote anabeba fungu lote. Sasa limeletwa pendekezo kwamba atakayerudisha kilo zake ndani ya mwaka alipe faini. Wengi wameliunga mkono. Mimi nalipinga, na hata shindano lenyewe, lilivyo sasa, silikubali.

Mshindi wa mwaka juzi ni dada mmoja wa Nkuhungu. Alishusha kilo 14. Miezi mitatu chakula chake cha jioni kilikuwa mlenda na kipande cha ugali wa uwele kisichozidi kiganja cha mkono wake. Siku ya kupimwa alivua viatu, akavua saa, akavua hata hereni, tukampigia vigelegele. Baada ya mwaka, kilo 11 zilikuwa zimerudi. Alipopanda tena mizani aliitazama namba, akashuka, akainama kufunga kamba za viatu, akakaa pale chini muda mrefu. Mtu nyuma yangu akasema, "Huyu amejiachia." Tangu siku hiyo hajaja mazoezini.

Hilo neno, kujiachia, ndilo linaloniuma, kwa sababu si kweli.

Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza walichokiona kwa watu 50 waliokuwa wamezidi uzito, waliowekwa kwenye dayati kali kwa wiki 10. Walipungua wastani wa kilo 13 na nusu, karibu sawa na dada yetu. Walipopimwa damu mwaka mmoja baadaye, leptini, ile homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kuwa akiba ipo, ilikuwa bado chini. Grelini, inayotoka tumboni na kuamsha njaa, ilikuwa bado juu. Na wenyewe walisema wanasikia njaa kuliko kabla ya kuanza. Mwaka mzima umepita, mwili bado unadai! Mtu anayepambana na deni hilo kila jioni, sisi tunamwita mzembe.

Kaka mmoja kikundini, ambaye nia yake ni njema, akasema: basi tupimwe homoni kwanza, wenye damu mbaya wasamehewe faini. Hapo ndipo naomba tusikimbilie. Mwaka mmoja kabla ya hao wa Melbourne, 2010, watafiti wa Uhispania waliona kwamba waliokuja kurudisha uzito ndio waliokuwa na leptini nyingi na grelini kidogo kabla hata ya dayati. Ukitazama haraka, ni kinyume cha Melbourne. Lakini mmoja anapima kabla, mwingine anapima baada. Leo hakuna kipimo kimoja cha damu kinachokubalika cha kumwambia mtu, "wewe utashikilia, wewe utarudisha." Tusiipelekee maabara fedha kwa jibu ambalo haina.

Halafu kuna hili la Marekani la mwaka 2016, nalo limenifundisha zaidi. Walifuatiliwa watu 14 waliowahi kushindana kupungua kwenye televisheni. Miaka 6 baadaye wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ikiwa imepumzika ilichoma takribani kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Ni kama sahani ya ugali na maharage. Ila walioshikilia vizuri zaidi ndio ambao miili yao ilikuwa imepunguza kasi zaidi. Kwa hiyo mwili unaochoma polepole si hukumu. Uchambuzi wa baadaye wa watu haohao ulionyesha kuwa walioshikilia ni wale walioongeza sana mwendo wa kila siku, na mwendo huo hauishii siku ya 90.

Mzee wetu mmoja alisema babu zetu walikula ugali huuhuu na hawakunenepa. Ni kweli, mzee wangu, walitembea na mifugo kutwa, sisi tunapanda gari kwenda ofisini Mtumba na kukaa kitini hadi jioni. Lakini hiyo inaeleza tunavyonenepa. Haimwelezi aliyekwisha kupungua.

Ninachopendekeza: robo tu ya fungu itolewe siku ya 90. Iliyobaki wagawane, baada ya mwaka na nusu, wote watakaokuwa hawajarudisha zaidi ya kilo 3. Matembezi ya jioni ya pamoja yaendelee katikati ya wiki. Mizani iwekwe chumbani, namba aione mwenyewe na mtunza daftari tu. Anayetetea faini anijibu: faini itaishusha vipi grelini ya mtu?

Kikao ni Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, tukishamaliza kukimbia. Nimempigia dada wa Nkuhungu kumwomba aje. Aliniuliza jambo moja tu, kama mizani itakuwepo pale mbele za watu.