Kuzalisha boa Dar es Salaam: tufuate majira ya miongozo ya nje au majira ya kwetu?

Mtunzaji wa Kigamboni

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika kituo kidogo chenye kibali cha kutunza wanyamapori, na miongoni mwa wanyama wetu wamo nyoka wawili aina ya boa, wenye asili ya Colombia, jike na dume, wote wamekomaa na wanakula vizuri. Misimu iliyopita tumewakutanisha kuanzia Novemba hadi Februari, kama miongozo mingi ya Ulaya na Marekani inavyoelekeza. Dume haonyeshi hamu kubwa, na mara ya mwisho jike alitoa mayai yasiyorutubishwa, bila hata mtoto mmoja. Kizimba kina taa ya joto, bakuli kubwa la maji na mahali pa kujificha, na unyevunyevu haushuki chini ya asilimia 70. Naomba kuelezwa ni kitu gani katika mazingira hayo kinachoweza kuwa kikwazo, kwani kwa mtazamo wangu hali ya hewa ya kwetu inakaribiana na ya kwao.

Mfugaji wa Mbezi

Salaam ndugu. Kwa maelezo yako, naona tatizo kubwa ni kalenda. Novemba hadi Februari ni majira ya baridi kaskazini mwa dunia, na ndiyo sababu wafugaji wa huko huyatumia, ilhali hapa Dar es Salaam hicho ni kipindi cha joto kali kuliko vyote, ambapo chumba kilichoezekwa kwa bati hupita nyuzi 32 mchana na usiku hakipoi vya kutosha. Boa huhitaji wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi wa wastani, takribani nyuzi 21 hadi 23, huku mchana akiendelea kupata sehemu ya kuota joto. Mabadiliko hayo ndiyo yanayomwamsha dume na kuanzisha ukuaji wa mayai kwa jike. Joto lisilobadilika mwaka mzima humfanya nyoka aendelee kula na kunenepa bila kupata ishara yoyote kwamba wakati wa kuzaliana umefika, na wafugaji wengi wanaamini kwamba hudhoofisha hata mbegu za dume.

Kwa hiyo wakutanishe wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Miezi hiyo usiku wa pwani yetu hushuka wenyewe hadi karibu nyuzi 20, kiasi kwamba huenda usihitaji kiyoyozi kabisa. Kazi yako itakuwa kuzuia baridi isizidi. Acha kuwalisha wiki mbili hivi kabla ya kupunguza joto, kwa sababu chakula kisichosagwa huozea tumboni, jambo ambalo limewahi kuua nyoka wengi wenye afya.

Kuhusu mwanga, usihangaike sana. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi hapa kwetu haifiki saa moja, na Colombia nayo iko karibu na Ikweta, hivyo nyoka hao hawakuzoea kutegemea urefu wa mchana kama ishara kuu. Ukitaka kupunguza mwanga wa taa hadi saa 10 kwa siku, hakuna madhara.

Sehemu ngumu inakuja baadaye. Boa hatagi kama chatu wetu. Hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa hai, takribani siku 100 hadi 120 baada ya jike kujivua gamba kunakofuata kupevuka kwa mayai. Mimba iliyoanza baada ya kipupwe itaangukia joto la Desemba hadi Februari. Jike mwenye mimba hujipangia joto lake kwa kuhama kutoka upande mmoja wa kizimba hadi mwingine, kwa hiyo ni lazima awe na upande wa nyuzi 31 au 32 na upande mwingine usiozidi 27. Kizimba chote kikiwa na joto moja la juu, watoto hufia tumboni au huzaliwa na uti wa mgongo uliopinda. Kiweke chini sakafuni, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, na pima joto kila upande kwa kipimajoto chake.

Daktari wa Mifugo, Ubungo

Ninaunga mkono, ila nina wasiwasi na huo unyevunyevu. Asilimia 60 hadi 70 inatosha. Hewa ya pwani tayari ina maji mengi, na ukiongeza bakuli kubwa chini ya taa ndani ya kizimba kisichopitisha hewa, kisha ukashusha joto la usiku, unakaribisha nimonia na kuoza kwa magamba ya tumbo. Ongeza matundu ya hewa, tumia makumbi ya nazi yaliyokauka vizuri kwa matandiko, na usimkutanishe nyoka yeyote anayepumua kwa mdomo wazi au anayetoa povu.

Matundu hayo yawekewe wavu mwembamba. Watoto wa boa huweza kupenya mahali ambapo mama yao hawezi hata kuingiza pua, na kisiwa cha Cozumel kule Meksiko, ambako boa waliachiwa mwaka 1971, mpaka leo kinabeba mzigo wao. Boa wamo katika viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo wasiliana na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, mapema kuhusu watoto watakaozaliwa.

Mtunzaji wa Kigamboni

Nashukuru sana kwa ufafanuzi huu. Tutaahirisha hadi Juni. Swali langu la mwisho: umeme ukikatika usiku wa Januari na feni zikasimama, jike mwenye mimba nimsaidieje?

Mfugaji wa Mbezi

Saa chache za joto si hatari kama wiki nzima ya joto lisiloshuka, mradi kizimba kisikaribie nyuzi 35. Zima swichi ya taa ya joto ili isijiwashe umeme unaporudi, fungua madirisha, kisha egemeza chupa za maji yaliyogandishwa nje ya ukuta wa upande wa baridi. Usiziweke ndani, na usimhamishe jike. Msukosuko wa kubebwa akiwa na mimba una madhara yake.